Briza ya Gia Boksi ya Otomatiki: Namna ya Kuirefusha ili ATF Isimwagike na Maji Yasiingie

Ukipeleka gari la otomatiki gerejini likiwa linadondosha oili nyekundu katikati, pale injini inapokutana na gia boksi, jibu la haraka utakalopewa ni sili ya mbele. Gia boksi ishushwe, konveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) itolewe, sili ibadilishwe. Ni kazi ya siku nzima, pengine mbili, na bei yake unaijua. Kabla hujakubali, uliza swali moja tu: "Fundi, briza umeitazama?" Akikukodolea macho, omba funguo zako kwa adabu.

Briza ni kile kitundu cha kupumulia kilicho juu ya gia boksi. Mara nyingi kina kifuniko kidogo cha bati, au mpira mfupi uliochomekwa kwenye nipeli. ATF, yaani ile oili nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, ikisukumwa ikatokea hapo, hutiririka mgongoni mwa gia boksi, hushuka nyuma ya injini na kudondokea pale pale ambapo sili ya mbele ingedondoshea. Ukitazama kutoka chini huwezi kutofautisha. Ndiyo maana sili nyingi nzima huishia kutupwa, na siku chache baadaye doa linarudi kwenye mchanga chini ya gari.

Haya niliyoandika juu ya kuirefusha briza, yaani kuiunga mpira mrefu unaopanda hadi juu chini ya bonneti, yanahusu zaidi magari tunayoyaona huku Malindi: Prado, Hilux Surf, Land Cruiser na Pajero zinazokwenda Tsavo Mashariki kwa njia ya Sala Gate, zinazovuta mashua ufukweni, au zinazopita Garsen kuelekea Mokowe. Mwenye Noah au Probox ana sehemu yake pia, ingawa ni fupi.

Gia boksi inavyopumua

Ndani ya gia boksi mna ATF, na juu ya ATF mna hewa. Vyote viwili hupanuka vikipata joto. ATF ikitoka nyuzi 30 za asubuhi ya Malindi hadi nyuzi 90 za kazi ya kawaida, huongezeka kwa asilimia 4 hadi 5 hivi. Gia boksi yenye lita 10 hupata karibu nusu lita ya ziada bila mtu kuongeza tone. Hewa nayo ikikosa pa kutokea, kwa joto hilo hilo hujenga presha ya karibu psi 3, na hapo bado hujahesabu nafasi iliyomezwa na ATF iliyopanuka. Psi 3 si kitu kwa tairi. Lakini sili ya shafti ni ulimi mwembamba wa mpira uliobanwa na springi ndogo. Kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa, si kubeba presha saa nzima. Briza ikiziba kwa tope, sili ndiyo inayolazimika kugeuka briza.

Kwa hiyo briza hutoa hewa wakati wa joto na kuiingiza wakati wa kupoa. Hilo la pili ndilo husahaulika. Gari limetoka mjini, limekimbia hadi kupita Baolala, gia boksi iko nyuzi 90, na mbele kuna laga (mto wa msimu) imejaa. Maji yanapoligusa kasha la alumini, hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kusinyaa, na gia boksi huvuta pumzi. Ikiwa briza iko chini ya maji wakati huo, kinachovutwa ni maji.

ATF iliyoingia maji huacha wekundu wake wa kuona upande wa pili na kuwa pinki nzito, kama sharubati ya mapera iliyotiwa maziwa. Ukiiona rangi hiyo kwenye dipstiki, usiendeshe hata kwenda gerejini, vuta gari. Sahani za klachi zilizo ndani zimebandikwa tabaka la nyuzi nyuzi kwa gundi, na tabaka hilo hunywa maji. Gundi ikiachia, hakuna kumwaga oili kutakakoirudisha.

Ila usiishtaki briza kabla ya kufungua kifuniko cha rediata. Kwenye magari mengi ATF hupozwa ndani ya rediata yenyewe, na kuta zinazotenga ATF na maji zikitoboka, rangi ni ile ile ya mapera. Ukikuta mafuta yanaelea kwenye maji ya rediata, au gari halijapita kwenye maji kabisa, kosa liko huko.

Kwanza hakikisha inavuja wapi

Osha. Hakuna uchunguzi wa kuvuja unaofanyika juu ya tope la miezi sita. Gari likiwa limepoa, sugua mgongo na ubavu wa gia boksi kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi, suuza kwa maji ya ndoo (si kwa bomba la presha, na sababu yake naieleza mbele), kisha acha pakauke. Nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka maungio: pale mbele inapofungana na injini, kwenye mabomba ya kipoza oili, kwenye bomba la dipstiki, kwenye gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) na nyuma kwa propela shafti. Endesha gari nusu saa lipate joto sawasawa, kisha ingia chini na tochi.

Tafuta unyevu ulio juu kuliko wote. Oili hushuka, haipandi, isipokuwa ule upepo wa mwendo unaoipeperusha nyuma. Poda ikiwa kavu juu na imelowa chini tu, pale mbele, basi huenda kweli ni sili na fundi alisema haki. Ikiwa mgongo umelowa kuanzia kwenye briza, umepata jibu. Bomba la dipstiki nalo lina oringi chini yake inayozeeka na kumwaga karibu na hapo hapo, kwa hiyo pitisha kidole uhakikishe.

Usilichukulie hili kwa wepesi ukidhani ni uchafu tu. Bomba la eksozi hupita karibu na gia boksi, na ATF ikimwagika juu ya eksozi iliyokolea moto huweza kuwaka. Harufu kali na moshi mweupe chini ya gari baada ya kupanda mchanga ni sababu ya kusimama hapo hapo.

Kiwango cha ATF: hapa ndipo penye ugonjwa

Ningependa kila mtu asome sehemu hii hata kama haendi kurefusha kitu. Briza inayotapika mara nyingi haina ubaya wowote. Inatapika kwa sababu ATF imezidi.

Ikizidi, gia zinazozunguka huifikia na kuichapa mpaka itoe povu. Povu ni jepesi, linapanda, linatafuta tundu. Na povu halibani klachi vizuri, kwa hiyo gia zinateleza, joto linaongezeka, povu linazidi. Ajabu ni kwamba ikipungua sana matokeo yanafanana: pampu inavuta hewa pamoja na oili, na povu ni lile lile. Hivyo ukiona briza inatoa povu, usikimbilie kupunguza wala kuongeza. Pima.

Gia boksi za Toyota za zamani kama A340F na A343F zina dipstiki. Simamisha gari mahali tambarare, hendibreki juu, injini ikinguruma taratibu, ATF ikiwa moto wa nyuzi 70 hadi 80, yaani baada ya safari ya kueleweka. Kanyaga breki, pitisha giliva kwenye kila nafasi kuanzia P hadi L, ukikaa kidogo kila mahali, kisha rudi P. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Usome alama za HOT.

Kijana mmoja anayeendesha Prado ya watalii aliniambia, "Mzee, sili nimebadilisha mara ya pili na bado yamwaga." Nikamuuliza anapimaje. "Naongeza mpaka ifike HOT." Ikiwa imeshapata moto? "La, asubuhi, nikishawasha tu." Basi kila ilipopata joto ilikuwa imezidi, na ziada ilikuwa ikitokea juu. Tuliivuta ziada hiyo kwa sirinji kubwa na mpira mwembamba kupitia bomba la dipstiki. Sili hatukuigusa.

A750F, iliyo kwenye Prado 120 nyingi, haina dipstiki kwenye magari mengi. Hiyo hupimwa kwa boliti ya kufurikia iliyo kwenye sampu: injini inawaka, ATF iko kati ya nyuzi 46 na 56, boliti inafunguliwa, na oili inapaswa kutoka kwa kuchuruzika kidogo tu. Ikitoka kwa kasi, imezidi; iache ipungue mpaka ichuruzike, kisha funga. Isipotoka, ongeza. Joto lisomwe kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari, si kwa kukisia kwa kiganja. Na kwa hali ya hewa yetu kazi hii ifanywe alfajiri. Adhuhuri ya Februari ile nafasi ya nyuzi 10 hupita kabla hujapata spana. Gari linalotaka ATF ya WS lipewe WS, na la Dexron lipewe Dexron. Kuchanganya kwa sababu duka lina moja tu ni kuomba povu.

Kiwango kikiwa sawa, briza ikiwa safi na bado unapita kwenye maji, mchanga mzito au unavuta mashua, ndipo kurefusha kuna maana.

Vitu vya kutafuta

Mpira ni kitu cha kwanza, na watu wengi hukosea hapo. Usitumie mpira wa bustani wala ule wa plastiki unaopenya mwanga. Wa kwanza hulainika kwa mafuta, wa pili hukakamaa kwa joto na kupasuka. Tafuta mpira wa mafuta ulioandikwa NBR ubavuni, unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Mita 2 zinatosha gia boksi. Ukikosa mjini, agiza Mombasa.

Upana wa ndani ufuate nipeli yako. Njia rahisi ya kupima ukiwa umelala chini ni kutumia spana: ile ya 8 ikiingia bila kulegea kwenye nipeli, mpira wako ni wa milimita 8. Kama nipeli ni nyembamba, ya 5 au 6, weka kiungio cha shaba karibu nayo kisha upanue hadi 8 au 10. Sababu ni kwamba ndani ya mpira mwembamba tone la ATF hujaza nafasi yote na kugeuka kizibo, na hewa inayotoka hulisukuma juu mpaka limwagike. Ndani ya mpira mpana oili hurudi kwa ukutani na hewa hupita katikati.

Klipu ziwe za stenlesi. Chumvi ya hewa ya Pwani inamaliza zile za kawaida kabla ya masika mbili. Nunua pia klipu zenye mpira wa kushikilia bomba kwenye bodi, na tai chache za plastiki.

Mwisho wa mpira unahitaji kitu cha kuzuia vumbi. Wengi huweka chujio dogo la petroli la plastiki. Linafaa, lakini chagua lenye wavu ndani, si karatasi, kwani karatasi ikilowa mvuke wa ATF na kukutana na vumbi la barabara ya Sala huziba, na umerudi ulikotoka. Mimi napendelea kile kichungi kidogo cha shaba ya chembechembe kinachofungwa kwenye mashine za hewa. Kinaoshwa, hakishiki kutu, na hakiogopi joto.

Kazi yenyewe

Gari lipoe kabisa. Weka magogo kwenye magurudumu. Ukiinua, tumia stendi, na kama uwanja ni wa mchanga weka ubao mpana chini ya kila stendi. Jeki juu ya mchanga wa Malindi ni ahadi tu. Toa waya hasi wa betri, kwa sababu staata iko karibu na mahali utakapoingiza mkono wenye chuma.

Tafuta briza. Kwenye Toyota nyingi za magurudumu manne, mpira mwembamba unatoka juu ya gia boksi na kupanda kidogo nyuma ya injini, na mara nyingi transfa (boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ina wake pembeni. Fuata mpira huo kwa mkono hadi mwanzo na hadi mwisho. Huenda ukagundua kwamba kiwandani waliupandisha vizuri tu, na kinachokusumbua ni kwamba umechomoka au umepasuka. Basi kazi yako imekuwa fupi.

Safisha kuzunguka nipeli kabla ya kutoa chochote. Brashi, kitambaa, tena kitambaa. Punje ya mchanga ikidondoka humo inaingia mahali penye vali na solenoidi za nafasi finyu kuliko unywele, na huna njia ya kuifuata. Mpira wa zamani ukiwa umekauka, usiuzungushe kwa plasi. Nipeli imepachikwa kwenye alumini na itatoka nayo. Upasue kwa urefu na wembe, uubandue.

Sasa jaribu kama njia iko wazi. Chomeka kipande cha mpira safi, puliza kwa mdomo. Hewa iende bila kubishana. Ikigoma, usisukume waya ndani, maana uchafu utautia pale pale usipoutaka. Vuta kwa sirinji kubwa ya sindano, mara kadhaa, uchafu utoke nje. Na kompresa kaa nayo mbali kabisa. Psi 100 kwenye kasha ambalo sili zake hazitakiwi kuhimili hata chache ni namna ya kujitengenezea mivujo mipya mitatu kwa sekunde moja.

Kuna briza zisizo na nipeli, ila kofia ya bati inayozunguka juu ya kijibomba. Nyingi kati ya hizo kofia hutolewa kwa uangalifu na kijibomba kilichobaki kikawa nipeli. Nyingine zimefungwa kwa uzi, na unaweza kupata nipeli ya uzi ule ule kwa muuza spea ukimpelekea ya zamani. Nisiloliafiki ni kutoboa kasha kwa drili likiwa garini ili kuweka nipeli mpya. Chenga za alumini zitaingia ndani, hata ukipaka grisi kwenye biti, na gia boksi ya otomatiki haisamehe chenga.

Sukuma mpira mpya kwenye nipeli milimita 20 hivi, weka klipu, kaza mpaka mpira ukamatwe bila kukatika. Kisha anza kuupandisha.

Kanuni ya njia ni moja: mpira upande tu. Usishuke mahali popote kati ya nipeli na kilele chake. Pakiwa na tumbo, hata la sentimita chache, mvuke na matone ya ATF yatakusanyika humo na kuziba, na gia boksi itakuwa na briza ndefu isiyopumua. Upitishe kwenye bati linalotenga injini na kabini, uufunge kwa klipu zenye mpira kila sentimita 25 au 30, uukalishe umbali wa sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye eksozi, na kwenye gari la dizeli uuzungushe mbali na taabo. Usiukaze kwa tai mpaka ukabane. Ukague kila kona kali uone haujakunjika, au upulize tena baada ya kila klipu.

Injini hutikisika ukikanyaga mafuta na gia boksi hutikisika nayo. Kati ya klipu ya mwisho iliyo kwenye gia boksi na ya kwanza iliyo kwenye bodi acha ulegevu wa sentimita 5 hadi 7, lakini ulegevu uwe wa kwenda juu, usiwe wa kuning'inia.

Mwisho wake uufikishe juu kabisa, usawa wa bawaba za bonneti, chini ya wapa. Ukunje kilele mdomo utazame chini ili maji ya mvua yasiingie, na ufunge kichungi hapo. Kipande hiki kifupi cha kushuka hakina madhara kwa sababu hakuna kitu cha kubaki ndani yake, kitadondoka.

Kuna mahali pa kutopeleka mpira huo. Usiutie kwenye bomba la hewa la injini baada ya eya klina. Injini inavuta, itavuta mvuke wa ATF, na siku chujio lako likichomoka itavuta na vumbi. Wengine huuingiza kwenye snokeli (bomba la hewa la injini lililopandishwa juu) kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko vyote. Mimi sioni faida ya kuunganisha gia boksi na kitu kinachonyonya mvua. Usiuingize kabini, harufu yake utaijua. Na kamwe usiuzibe mwisho "kwa muda" ukivuka maji.

Jambo jingine: wengi hupenda kukusanya briza zote, za difu mbili, transfa na gia boksi, kwenye kiungio kimoja chenye midomo minne. Difu na transfa unaweza kuziunganisha. Gia boksi ya otomatiki iache peke yake. Siku itakapotapika, ATF itapata njia ya kushuka hadi kwenye difu, na oili ya difu haiitaki.

Kopo la kudakia

Anayevuta mashua kuipandisha ufukweni au anayechezea mchanga wa Mambrui anaweza kuongeza kopo dogo la alumini la nusu lita mwisho wa mpira, likifungwa juu karibu na betri. Mpira uingie chini ya kopo, kichungi kiwe juu yake. ATF ikipanda kwa joto inaingia kopo, ikipoa inarudi yenyewe kwa uzito wake. Kopo liwe safi kabisa ndani, kwa kuwa chochote kilichomo kitarudi gia boksi.

Lakini kopo ni la kudaka, haliponyi. Likijaa kila safari na kiwango umeshapima kikawa sawa, una joto. Nyuzi 80 hadi 95 ni kazi ya kawaida. Ukiona zaidi ya 120 kwenye mashine, simama, tia N na hendibreki, acha injini ingurume ili pampu izungushe ATF kwenye kipoza mpaka ishuke. Kwenye mchanga weka 4L (gia nzito ya magurudumu manne) mapema, usingoje kukwama. Konveta ndiyo inayotengeneza joto inapoteleza, na 4L huipunguzia mzigo. Baada ya hapo fikiria kipoza cha ziada mbele ya rediata.

Kwa wenye mashua nina ushauri wa ziada: kabla ya briza ya gia boksi, refusha ya difu ya nyuma. Gari limetoka mjini na difu moto, linarudishwa nyuma baharini mpaka ekseli izame, na difu inavuta maji ya chumvi. Kwenye Toyota nyingi briza ya difu ina uzi wa 1/8 BSPT, ila linganisha na ya zamani kabla ya kununua. Mpira wake uwe na urefu wa ziada, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka. Acha kitanzi cha kutosha juu ya springi na uufikishe karibu na mdomo wa tangi au nyuma ya taa.

Noah, Probox na wenzao

Gari dogo la kuvuta kwa mbele halihitaji mpira mrefu isipokuwa unapita nalo pasipofaa kupita. Briza yake huwa kofia ndogo juu ya gia boksi, karibu na mkono wa giliva, chini ya eya klina au betri. Adui yake ni pale pa kuoshea magari. Bomba la presha likielekezwa hapo huingiza maji na tope chini ya kofia. Mwambie anayeosha asipige presha upande huo, na kila unapobadilisha oili ya injini uizungushe kofia kwa kidole uone haijaganda.

Kujaribu na kutunza

Gari likiwa baridi, kabla ya kuwasha, toa kichungi na utumbukize mwisho wa mpira kwenye glasi ya maji, kidogo tu, chini ya uso wake. Washa. Kadiri gia boksi inavyopata joto utaona mapovu yakitoka moja moja. Yasipotoka kabisa baada ya dakika 15, kuna mahali umebana au mpira umechomoka. Mwisho huo uutoe kwenye maji kabla ya kuzima gari. Ukisahau, gia boksi itapoa na kuyanywa yale maji ya glasi, na kazi yote uliyofanya ilikuwa ya kuzuia hilo.

Endesha nusu saa, rudi chini na tochi, tazama nipeli na klipu. Pima tena ATF ikiwa moto.

Mpira mrefu si ruhusa ya kuingia maji yoyote. Mwaka 2023 Tana ilipokata barabara pale Gamba na Lango la Simba, kilichozuia magari ni kina na nguvu ya maji, na hapo briza haina la kusema. Kwa laga ya kawaida, pima kina kwa fimbo, simama dakika 20 au 30 gia boksi ipoe kabla ya kuingia, kisha vuka taratibu bila kusimama katikati. Ukifika ng'ambo chomoa dipstiki uone rangi. Ikiwa imeingia maji, kumwaga sampu mara moja hakutoshi: sehemu kubwa ya ATF hubaki kwenye konveta na kwenye kipoza, kwa hiyo utamwaga, ujaze, uiwashe izunguke, umwage tena, mpaka itoke nyekundu safi. Oili hiyo chafu iweke kwenye dumu, usiimwage uani. Mji huu una visima.

Kila unapobadilisha oili ya injini, toa kichungi, upulize mpira kwa mdomo, uuguse wote kwa mkono kutafuta mpasuko, na uoshe kichungi kwa petroli kidogo kisha ukikaushe. Ukikuta kichungi kimelowa ATF, usikipanguse tu na kukirudisha: subiri gari lipate moto, upime kiwango kabla ya kugusa kitu kingine.